Koo Tatu na Vidole Kumi

Fundi wa mabomba alikuja Stechford, mtaa wa jiji la Birmingham, mara tatu mwezi ule wa Januari, na mara zote tatu aliondoka akikuna kichwa. Aliyemwita, mzee mmoja Singasinga aitwaye Lakhbir, alimwapia kwamba kila asubuhi saa moja na nusu ukuta wa bafu lake ulikuwa unanguruma. Si mlio wa maji, alisema. Ni kitu kizito, cha chini, kinachosema "bom, bom, bom," kisha kinanyamaza kama kinachovuta pumzi, kisha kinasema "bom" tena. Fundi akafungua hiki, akafunga kile, akagonga mabomba kwa spana. Ukuta ukaendelea kusema bom.

Mara ya nne Lakhbir hakumwita fundi. Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka nje kwenye baridi, akagonga mlango wa jirani. Ulipofunguka ulimwonyesha mwanamume wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye kitambi cha kiasi, povu la sabuni masikioni na taulo kiunoni.

"Ni wewe unanguruma?" Lakhbir akauliza, tena kwa Kiswahili, maana kupitia ukuta uleule alikuwa amemsikia mke wa jirani akigomba kwa lugha hiyo.

"Ninaimba," akajibu Ronald Onyango, kama mtu aliyevunjiwa heshima. "Naimba besi."

"Mwambie ukweli, Baba Akoth!" sauti ya mkewe, Kwamboka, ikatoka jikoni. "Mwambie unanguruma!"

Ukweli wenyewe ulianzia Kisumu, nyumbani kwa mjomba wake Ronald aliyekuwa karani wa reli. Mjomba alikuwa na gramafoni na sanduku la santuri ambalo hakuna aliyejua limefikaje pale. Katika sanduku hilo palikuwa na picha ya vijana wanne wa Amerika waliovaa makoti meupe, nywele zinang'aa kama viatu vya harusi. Hao walikuwa waimbaji wa du-wop, yaani muziki wa vijana wa mitaani wasiokuwa na gitaa wala ngoma, wakaamua midomo yao itoshe. Mmoja anaimba kuhusu msichana aliyemwacha, na wenzake nyuma yake wanamsindikiza kwa maneno ambayo si ya lugha yoyote. Ronald alikuwa na miaka minane na hajui Kiingereza. Alidhani wimbo mzima uko katika lugha hiyo ya nyuma, na akaona anaielewa vizuri kabisa.

Lakini aliyemteka roho ni yule wa mwisho kulia pichani, mnene kidogo, mwimbaji wa besi. Wenzake walilia, waliomba, walimpigia msichana magoti. Yeye kazi yake ilikuwa kusema bom. "Na ukiiondoa hiyo bom," Ronald amewaeleza watu kwa miaka hamsini, watake wasitake, "hao wengine ni watoto tu wanaolilia maziwa."

Miaka kumi na tisa aliyokaa Birmingham hakupata hata mtu mmoja wa kunguruma naye. Kanisani walimtia kwenye kwaya kwa wiki tatu, kisha mchungaji akamwomba kwa upole ahamie kamati ya kupanga viti, kwa sababu kila palipokuwa na kimya cha kutafakari, yeye aliona ni pengo, akalijaza. Ndipo bafu likawa jukwaa lake. Vigae vya bafu, ukivipa bom moja, vinakurudishia tatu.

Basi asubuhi ile mlangoni alikuwa tayari kuomba msamaha. Alishangaa kumwona Lakhbir anatabasamu ndani ya ndevu zake nyeupe.

"Mimi pia najua hii!" akasema mzee. "Mimi ni ile ya juu-juu! Sikia!"

Akafunua mdomo palepale kizingitini, na ikatoka sauti nyembamba kama uzi wa kushonea, ikapanda, ikapanda, mpaka mbwa wa ng'ambo ya barabara akaitikia. Kumbe Lakhbir naye alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la baba yake la baiskeli, akaondoka na wazazi akiwa na umri wa miaka kumi. Kiswahili chake kilibaki na umri huohuo. Alikuwa babu wa wajukuu saba, lakini akifungua mdomo kwa Kiswahili ungedhani kengele ya kutoka shule imelia.

"Tutacheza pamoja?" akauliza.

"Tutacheza," akasema Ronald, na taulo nusura limwanguke kwa furaha.

Wawili si kundi. Wa tatu walimpata kwenye duka la kinyozi karibu na stesheni ya Stechford. Damien, mwenye duka hilo, alikuwa Mkongomani wa Bukavu anayenyoa huku akiimba, na mwenye kutulia kwenye kiti chake alitoka na kichwa safi na wimbo mzima. Ronald alipoanza kumweleza jinsi ya kuvuta pumzi tumboni, Damien alizima mashine.

"Papa Ronald, mi nimeimba katika chorale miaka kumi na mbili. Donc, usinifundishe kupumua."

Kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu inasubiri, alikuwa Sugow, dereva wa teksi, Msomali aliyekulia Garissa. Walipoanza kuimba watatu, vidole vyake vikaanza kulia chini ya shuka la kinyozi: ta, ta, ta, bila kukosa hata pigo moja. Wote wakamgeukia.

"Msiniangalie hivyo," akasema Sugow. "Wallahi, mimi siimbi. Mama yangu yuko Garissa lakini masikio yake yako hapa Birmingham. Nikiimba mstari mmoja atanipigia simu kabla ya wa pili." Akafikiri kidogo. "Ila vidole hajavikataza."

Likabaki jina. Ronald alikuja na la kwake tayari. "Tujiite Mabomu Wanne."

Sugow akajishika ndevu.

"Mzee Ronald," Sugow akasema polepole, "mimi naitwa Sugow. Nina ndevu. Napeleka watu uwanja wa ndege mara sita kwa siku. Wewe unataka niingie kwenye kundi linaloitwa Mabomu?"

Ndivyo walivyoishia kuitwa Koo Tatu na Vidole Kumi.

Walifanya mazoezi kwenye duka la Damien Jumapili alasiri, mlango umefungwa, na mara mbili kundi lilivunjika. Waligombana kuhusu yale maneno yasiyo na lugha. Ronald alitaka ya Kimarekani jinsi alivyoyakumbuka, lakini hakuna aliyeamini kwamba anayakumbuka. Lakhbir alinuna, akasema, "Wewe una choyo! Sichezi tena!" akaenda kusimama mlangoni na mikono kaifunga kifuani. Hatimaye kila mmoja akaruhusiwa kuleta neno la kwao, na kwa kuwa saa zile wote walikuwa na njaa, maneno yote yakatoka jikoni. Damien akaja na "pondu-pondu," yaani kisamvu cha kwao. Lakhbir akaja na "chapati-pati-pati." Ronald akaweka chini yao "sukuma, bom, sukuma, bom," na juu ya chakula hicho chote Damien akatandaza wimbo alioutunga mwenyewe, wa mwanamke aitwaye Merveille aliyepanda treni Selly Oak na hakugeuka hata kuangalia nyuma.

Ronald alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Kings Heath, mtaa mmoja nyuma ya barabara kuu yenye maduka. Alisukuma toroli la chai saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na alisukuma kwa mapigo: sukuma, bom, sukuma, bom. Wazee walimzoea. Mmoja alipomsikia anakuja alitoa kifaa chake cha kusikilizia sikioni, akakitia mfukoni, akasubiri chai yake kwa amani.

Doreen, wa chumba namba kumi na mbili, hakumzoea. Doreen alikuwa na miaka themanini na minne, kiti cha magurudumu, nywele za rangi ya zambarau hafifu, na malalamiko juu ya kila kitu kuanzia biskuti hadi serikali. Siku moja ya Machi alimsimamisha Ronald kwa kuweka fimbo yake mbele ya gurudumu la toroli.

"Hiyo unayofanya," akasema, "unaiita nini?"

"Besi, mama."

"Hiyo si besi. Hiyo ni ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Uko chini ya sauti, tena unachelewa. Bom lazima ifike kabla mtu hajajua anaihitaji. Fanya tena."

Ronald akafanya tena. Doreen akafumba macho kama aliyeng'olewa jino.

"Tena."

Chai ya watu kumi na sita ilipoa asubuhi ile. Alipomaliza, Doreen alitaka kujua kama ana wenzake, na kama wapo, awalete hao ng'ombe wengine Alhamisi.

Msimamizi wa nyumba aliruhusu, kwa sharti kwamba mlango wa sebule ufungwe. Kuanzia hapo kila Alhamisi alasiri wanaume wanne wazima walisimama mstari mmoja mbele ya kikongwe mwenye fimbo, wakachapwa kwa maneno. Damien, asiyefundishwa kupumua, alifundishwa kupumua. Sugow aliambiwa kidole chake cha kati kina uvivu, akakipumzisha wiki nzima kwa kuendesha na vingine. Lakhbir alipendwa, na alipoona anapendwa akawa hakamatiki. "Ameniambia mimi ndiyo mzuri kuliko nyinyi!" aliwaringia hadi kwenye maegesho ya magari. Yale maneno ya chakula Doreen hakuyagusa. Hakujua maana yake, lakini alisema yanajaza mdomo vizuri.

Walijiuliza kikongwe huyu ameyajulia wapi mambo haya. Ronald alipomuuliza, aliambiwa asimame wima.

Julai nyumba iliandaa sherehe ya kiangazi bustanini, familia zote zimealikwa, na Koo Tatu na Vidole Kumi wakawekwa kwenye ratiba, baada ya keki. Kwamboka, ambaye kwa miezi sita alikuwa amesema hataki kusikia habari za bom, ndiye aliyewapatia mavazi. Alikuta makoti manne meupe kwenye duka la vitu vilivyotumika, Kings Heath, mazuri ajabu, vifungo vya dhahabu. Ronald alipovaa la kwake na kujiangalia kwenye kioo cha kabati, alisogea mpaka ukingo wa kulia, kama yule wa pichani.

"Nini tena?" Kwamboka akauliza.

"Hakuna," akasema, akaenda bafuni kunawa uso.

Kosa lilifanyika asubuhi ya sherehe yenyewe. Ronald aliamka na mkwaruzo mdogo kooni, kitu ambacho glasi ya maji ya uvuguvugu ingekimaliza. Lakini alikwenda akawaambia watu. Lakhbir akaleta maziwa ya moto yenye manjano. Damien akaleta pilipili ya kwao iliyosagwa, kijiko kimoja tu, akasema ni dawa ya waimbaji wote wa Bukavu. Sugow akaleta samli ya ngamia ndani ya chupa ya soda. Kwamboka, ambaye ni muuguzi wa hospitali na alipaswa kuwa na akili zaidi, akaweka tangawizi, limau na asali. Ili asimkosee mtu heshima, Ronald alivimeza vyote kabla ya saa nne.

Bustanini mambo yalianza vibaya hata kabla ya wimbo. Ilibainika kwamba yale makoti mazuri yalikuwa ya wahudumu wa hoteli iliyofungwa. Kila walipopita, wageni waliwanyooshea glasi tupu. Bibi mmoja alimkabidhi Sugow sahani sita chafu, na Sugow, kwa kutojua la kufanya, akazipeleka jikoni. Lakhbir alikuwa amekwishachukua oda ya chai ya watu wanane, na alikuwa anaifurahia.

Kisha wakaitwa. Wakapanga mstari mbele ya waridi. Doreen alikuwa pembeni, nyuma kidogo, chini ya mwavuli, fimbo magotini. Sugow akaliza vidole: ta, ta, ta. Lakhbir akapanda juu. Damien akafungua kinywa kumwita Merveille. Ikafika zamu ya besi.

Ronald akavuta pumzi, akaiteremsha tumboni kama alivyofundishwa, akafunua mdomo, na ikatoka sauti ya bawaba ya mlango. "Kwii."

Akajaribu tena. "Kwii."

Miaka hamsini ya kungoja, na anasikika kama kabati. Damien alikuwa amemwita Merveille mara ya pili, ndipo chini, chini kabisa, kama lori linalowashwa mtaa wa pili, ikaja.

"BOM."

Vijiko vikalia kwenye visahani. Ronald hakufikiri. Mdomo wake wenyewe ulifunguka na kufumba, ukaifuata ile sauti. Bom, mdomo. Bom, mdomo. Watu wakaanza kupiga makofi. Kwamboka akasimama na simu yake kurekodi, machozi yanamlengalenga. Ronald alijua sauti ile si yake, lakini ilikuwa tamu kiasi kwamba alitamani iwe, na akazidi kufunua mdomo, akaongeza na mikono.

Nyigu alivutwa na asali. Kwamboka aliimimina kwa ukarimu, na nyingine ilibaki kwenye masharubu ya Ronald. Nyigu akazunguka pua mara mbili, akaanza kuchungulia mdomoni, na Ronald akaufumba kwa nguvu zote, midomo ndani, mashavu yamejaa.

"BOM," ikaendelea sauti. "SUKUMA. BOM."

Makofi yakasita. Kichwa kimoja kikageuka, kikafuatwa na vingine, mpaka bustani nzima ikawa inamtazama bibi kizee mwenye nywele za zambarau aliyekuwa chini ya mwavuli, kidevu kimezama kifuani, macho yamefumba, akitoa sauti ambayo mwili wake haukuwa na mahali pa kuiweka.

Doreen akahisi kimya, akafumbua macho. Akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu Ronald amfahamu, alionekana kama mtu aliyekamatwa.

Ronald angeweza kuondoka. Njia ya jikoni ilikuwa wazi na alikuwa amevaa koti linalofaa. Badala yake alimfukuza nyigu kwa mkono, akatoka kwenye mstari, akaenda nyuma ya kile kiti, akafungua breki ya kulia na kumsukuma Doreen mbele ya watu. Hakufungua ya kushoto. Kiti kikazunguka mahali pamoja. Ronald, kwa kuchanganyikiwa, akazidi kusukuma, na Doreen alipoona hakuna namna, akaanza kuimba upya, akazunguka, bustani yote ikimpita mbele ya macho, bom kwa wajukuu, bom kwa waridi, bom kwa meza ya keki, bom kwa msimamizi, mpaka Sugow akaja akaachia breki ya pili kwa mguu huku vidole vyake havijakosa pigo.

Walirudia wimbo mara tatu. Watu hawakukubali waache.

Baadaye, kila mtu akiwa na kipande cha keki, Doreen aliwasimulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha skrubu, na wenzake wawili wa benchi lao waliimba naye wakati wa mapumziko. Kijana mmoja wa kumbi za dansi akawasikia, akataka kuwapandisha jukwaani. Lakini msichana mwenye besi ya namna ile, alisema kijana yule, atawatisha wateja. Kwa hiyo kila Jumamosi Doreen aliimba amesimama nyuma ya pazia, kati ya ndoo na mafagio, na mbele yake alisimama mvulana mzuri wa sura akichezesha midomo. Mvulana yule alipata barua za mapenzi. Siku moja alipiga chafya katikati ya ubeti, bom ikaendelea bila yeye, na kundi likafa usiku huo.

"Na leo nikaona wewe nawe umekwisha anza na mikono," akamwambia Ronald.

"Nisamehe, mama."

"Mikono ilikuwa mizuri. Yeye hakuwa na mikono."

Ronald alicheka, kwa sauti ya bawaba. Lakini nyumbani alikuwa mzito. Koo lilipona siku ya tatu, na siku ya nne na ya tano hakuimba. Kwamboka aligonga mlango wa bafu kuona kama yuko hai.

"Baba Akoth, mbona kimya?"

"Wewe si ulitaka kimya?"

"Nilikitaka kwa dakika kumi tu. Sasa kinanitisha."

Akatoka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza. Alikuwa ameisikia besi ya kweli kwa masikio yake, na ilikuwa kwenye kifua cha bibi wa miaka themanini na minne asiyependa biskuti. Yeye sasa atafanya nini? Kundi moja halina nafasi ya besi mbili. Kwamboka alimsikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa, kisha akamwambia kwamba huko hospitali kitanda kimoja kinasukumwa na watu wawili, na hajawahi kuona mmoja wao akilia.

Alhamisi Ronald aliwakuta wenzake tayari sebuleni, na Lakhbir alikuwa amekwisha kuwa msemaji wa watu wote. "Ronald asitolewe! Akitolewa nasema kwa mama yake!" Hakuna aliyekuwa amependekeza kumtoa. Doreen alimwita karibu, akamweleza alichokipanga. Pumzi yake yeye, alisema, ni ya kizee. Kuianzisha bom anaiweza kuliko mtu yeyote wa jiji hili, lakini kuibeba hadi mwisho, hapana. Pale kwenye sherehe alikuwa karibu kuzirai kwenye kila moja.

"Mimi nitachukua 'bo'," akasema. "Wewe uchukue 'm'."

"'M' peke yake?"

"'M' ndiyo ndefu."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Doreen akasema "bo," Ronald akashtuka, na "m" ikafika baada ya muda wa kutosha kumwaga chai. La pili wakagongana, ikatoka "bombo," na Damien akacheka mpaka akakaa sakafuni. Ilichukua Alhamisi tano. Ya tano Doreen aliidondosha "bo" yake, na Ronald, ambaye alikuwa amejifunza kuangalia bega lake la kushoto, aliipokea ikiwa bado moto, akaibeba, akaibeba, fito za mapazia zikaanza kutikisika, na yule mzee wa kifaa cha kusikilizia akakitoa mfukoni, akakitia sikioni.

Sasa hivi hawakosi mwaliko. Wameimba kwenye harusi ya mjukuu wa Lakhbir, na kwenye nyumba ya wanafunzi kule Selly Oak ambako vijana ishirini walibeba kiti cha Doreen ghorofa mbili juu kwa kumgombania. Ronald anakwenda Kings Heath hata siku zake za mapumziko, koti jeupe mkononi, na kwenye basi ukiketi karibu naye utaona kwamba amefumba midomo, mashavu yanatetemeka kidogo, na kiti chako nacho kinatetemeka. Anafanya mazoezi ya "m". Abiria mmoja aliwahi kumwambia dereva kwamba injini ina tatizo. Dereva akasimamisha basi, akashuka, akafungua nyuma, akatazama muda mrefu, na Ronald akaona haya kumwambia.